Odekoloni Ndani ya Nta

Mama Henriette anasema mshumaa ulizimika wenyewe. Anasema hakukuwa na upepo, madirisha yalikuwa yamefungwa kwa sababu ya mvua, na mlangoni kulikuwa na pazia. Anasema mara tu Émilienne aliposhika mkono wa mzee, baba mkwe wake, ili kuukaza juu ya mshumaa, moto ulilia kama mafuta ya kukaangia samaki, ukainama, ukafa. Mzee naye akaufuata.

Anayasema hayo kwenye robine, bomba la maji la avenue yetu, hapa Kikula, ndoo yake ikiwa imeshajaa na inamwagika, sisi wengine tukingoja nyuma yake.

"Mama Henriette, ulikuwa mule ndani?" mwanamke mmoja alimuuliza.

"Nilikuwa kwangu, nalalisha mutoto. Lakini ukuta ni moja."

"Basi uliona na ukuta."

Watu walicheka. Yeye hakucheka. Alisema ukuta wa matofali mabichi unapitisha mambo yote, na hata kilio cha kwanza ni yeye aliyekisikia kabla wenye maiti hawajajua watalia. Kisha akaniona nimesimama na ndoo zangu, akanionyesha kwa kidevu.

"Muulize Émérence. Mushumaa ilitoka kwabo. Mushumaa ya Mama Gertrude inaweza kuzimika tu vile, bila kitu?"

Wote waligeuka. Mimi nilitazama maji. Nilisema nina haraka, nimeacha nta motoni.

Haikuwa motoni.

Wale waliokosa gazeti la juma lililopita, nawarudishia kwa ufupi. Mimi ni Émérence. Kwenye kitambulisho wameniandika jina lingine, kama watu wote siku hizi tangu serikali ikataze majina ya kizungu, lakini nyumbani na kanisani bado ni Émérence. Nilimaliza primary, sikuendelea, nikaja kukaa kwa mama mukubwa, Mama Gertrude, dada wa mama yangu, anayetengeneza mishumaa ya parokia na ya matanga. Niliwaeleza namna nta ya moto ilivyomwagika juu ya mkono wake wa kuume kabla ya Noeli, vidole vikajikunja, na namna sufuria, vibomba vya bati vya kumiminia na jina lake vyote vilivyoangukia mikono yangu. Niliwaeleza pia namna wanawake wa kampi ya Shituru walivyoanza kusema mishumaa yetu inanuka nta tu, wakati ile ya magazini, maduka ya mjini, inanuka maua. Niliishia pale niliponunua chupa ya odekoloni, yale manukato ya dukani.

Leo nitasema nilichofanya nayo. Ninawaandikia ninyi kwa sababu sizioni nyuso zenu.

Nta ya nyuki tunaipata kwa wauza asali wanaotoka upande wa Lufira. Parafini tunainunua dukani, vipande vyeupe kama sabuni. Ukitumia nta peke yake, mshumaa unainama kama mlevi siku ya jua. Ukitumia parafini peke yake, unapasuka na kutoa machozi mpaka kwenye vidole vya anayeushika. Basi tunachanganya. Mama Gertrude hana mizani. Alinifundisha kudondosha tone moja juu ya mgongo wa kijiko baridi, kungoja ligande, kisha kulisukuma kwa ukucha. Likivunjika, ongeza nta ya nyuki. Likishika kwenye ukucha, ongeza parafini. Likitoka zima, kama kifungo cha shati, mimina.

Juu ya harufu alinifundisha neno moja tu: leka, yaani acha. Alisema mshumaa wa kanisa unanuka nta sababu Mungu mwenyewe ndiye aliyewaumba nyuki, hakuumba chupa.

Mimi nikaona ni uzee unaosema.

Mnajua Chandeleur ni siku gani kwetu. Kila mtu mzima anapeleka mshumaa wake, Mon Père, padri wetu, anaubariki, tunazunguka kanisa na moto mkononi, kisha mshumaa unarudi kukaa kabatini. Unakaa huko mpaka siku mtu wa nyumba anapokuwa anakufa. Siku ile wanauwasha na kumkazia mkononi, ili asiingie njia ile gizani.

Kwa Chandeleur ya mwaka huu nilitaka watu waseme: hii ni ya Émérence.

Nilipima kifuniko kimoja cha odekoloni kwa sufuria nzima. Nta ilitema, ikapanda juu kama maziwa, ikatulia. Nikainama kunusa. Hakuna kitu. Nikatia kifuniko kingine. Ikatema tena. Nikanusa: nta tu. Nikafikiri nta ya moto ina kiu, inakunywa harufu, na ni lazima ishibe kwanza ndipo irudishe. Nikaacha kifuniko, nikamimina kwa shingo ya chupa.

Hapo nyumba yote ikanuka. Mama Gertrude akauliza kutoka chumbani, "Nani amekufa?"

Alikuwa na haki ya kuuliza. Kwetu odekoloni inanuka hivyo pale maiti anaponyunyiziwa. Nikamjibu ni jirani anaogesha mtoto. Huo ulikuwa uongo wangu wa kwanza, na ulikuwa mdogo.

Nilichokuwa sijui ni kwamba harufu ilikuwa inaruka na mvuke, lakini odekoloni ina maji ndani, na maji hayaruki upesi. Maji na nta havipatani. Yanashuka chini ya sufuria, yanajificha kule. Mishumaa niliyoimimina kwanza ilitoka mizuri, laini, ya rangi ya maziwa yenye chai. Ule wa mwisho, wa chini kabisa ya sufuria, ulitoka kwenye kibomba na vipele vyeupe tumboni. Niliubonyeza kwa ukucha. Tone la maji likatoka.

Nilijua. Dhambi yangu iko hapa, msiitafute mahali pengine. Sikukosa kujua. Nilijua mshumaa wenye maji unapasuka-pasuka na kufa, na nilijua dawa yake: uyeyushe tena, uuache motoni mpaka unyamaze. Lakini makaa yalikuwa yamekwisha, wanawake walikuwa wameshafika mlangoni na vikapu vyao, na kama ningeutoa ule, mtu mmoja angekosa.

Basi nikajiuliza: nani hatauwasha?

Wote wangeuwasha kwenye maandamano, na aibu ingekuwa yangu. Ila Papa Mathieu. Yule mzee alikuwa amelala na kifua tangu mvua zianze. Mkwe wake Émilienne, mke wa mwana wake Augustin, angeshika mshumaa wake mwenyewe mkononi, na ule wa mzee angeubeba ndani ya kikapu, bila moto, upate maji ya baraka tu na kurudi kabatini. Nikasema moyoni utakaa kule miaka na miaka. Papa Mathieu atapona.

Niliufunga kwa karatasi vizuri kuliko mingine yote.

Émilienne alinusa ile karatasi, akacheka. "Inanuka muzuri, Émérence. Papa atafurahi." Akaondoka nao mikono miwili, kama mtu anayebeba yai.

Papa Mathieu hakupona.

Alikufa mchana, mvua ikinyesha. Augustin hakuwepo, kampani ilikuwa imempeleka Kolwezi. Hélène, binti wa mzee, anakaa kule Kakontwe na mume wake, na alikuwa anakuja kumwona baba yake siku za Mungu, Jumapili tu. Siku ile alifika amelowa, viatu mkononi, akakuta baba ameshakwenda na kipande cha mshumaa kimebaki ndani ya vidole vyake, cheusi kichwani, baridi.

Nilikuwepo. Nilikuwa nimetumwa kusonga bukari, ugali wa wenye kilio. Nilimwona Hélène akikitoa kile kipande kidole kwa kidole, akakifunga ndani ya mushwari, kitambaa chake cha mkononi, akakitia ndani ya mkebe wa biskuti.

"Mukono ya nani ilikuwa juu ya mukono ya papa?" aliuliza watu wote. Alisema polepole. "Museme tu."

Wote walitazama mikono ya Émilienne. Ilikuwa bado na povu la sabuni, sababu alikuwa ameanza kufua mashuka ya mzee ili wageni wasiyaone.

Kuanzia saa ile walimkalisha karibu na mlango, mahali wanapoacha viatu.

Kisha familia ikakutana. Aliyeleta neno nje ni Papa Adolphe, mdogo wa marehemu. Alisema wao si watu wa kufukuza mtu bila kumpima. Siku ya kuondoa matanga, Jumamosi baada ya salongo, ile kazi ya lazima ya serikali, Émilienne atauwasha ule ule mshumaa mbele ya wote na kuushika, wakati katekista anasalisha. Ukiwaka mpaka mwisho wa sala, hakuna atakayefungua tena kinywa. Ukizimika, atarudi kwao Kambove kabla Augustin hajarudi, na mtoto atabaki, sababu mtoto ni wa familia.

Mtoto anaitwa Colette. Bado ananyonya.

Mmeelewa? Ule ule mshumaa. Na kipande kilichobaki ni kile cha chini, chenye maji zaidi.

Nilidhani nimefika mwisho wa ubaya. Kesho yake Papa Adolphe na Hélène wakaja nyumbani kwetu.

Mama Gertrude aliwakalisha. Akamwita Papa Adolphe kwa jina, naye akakohoa. Tangu wampe kadi ya chama anapenda aitwe Citoyen, yaani mwananchi, lakini Mama Gertrude alimjua tangu suruali fupi.

"Tuko na ulizo moja tu, mama," alisema. "Hatukukuya kwa mayele, hatukukuya kukutega."

"Uliza."

Ni Hélène aliyeuliza. "Mushumaa yako inaweza kuzimika yenyewe?"

Nilikuwa uani karibu na mbabula, jiko letu la makaa, mlango uko wazi, ninakoroga. Mama Gertrude alifungua kitambaa cha mkono wake, polepole, akautoa ule mkono na kuuweka juu ya meza mbele yao, na vidole vyake vilivyojikunja.

"Mukono hii ilikufa juu ya mishumaa," alisema. "Tangu niko binti, hapana hata moja ya kwangu ilizimika bila upepo ao bila muntu. Kama hii ilizimika, muangalie muntu. Musiangalie nta."

Hélène aliinamisha kichwa kama mtu aliyepewa dawa aliyoifuata mbali.

Nilitaka mama aishie hapo. Hakuishia. Mama Gertrude hapendi kusifiwa kwa kazi ya mtu mwingine.

"Lakini nisibadanganye. Hizi za Chandeleur alimimina Émérence, minye mwenyewe na mukono hii sikuweza. Ni minye nilimufundisha." Akageuka. "Émérence. Ulifanya vile nilikuonyesha?"

Kijiko kilikuwa mkononi mwangu. Juu ya mgongo wake tone lilikuwa limeganda, zima, kama kifungo cha shati.

"Ndiyo, mama."

"Hukuongeza kitu?"

"Hapana, mama."

Papa Adolphe akasimama, akavaa kofia yake. Alisema basi, mambo ni wazi. Akipita uani akanisimamia, akaitazama ile mishumaa imepangwa juu ya ubao, akasema, "Uko na mukono safi, mutoto. Bwana atakuoa hatakaa gizani." Akacheka mwenyewe. Nami nikacheka kidogo, ili aondoke.

Walipokwenda nilikaa chini. Nikajiambia: kilichoharibiwa na mshumaa kitatengenezwa na mshumaa. Sina haja ya kufungua kinywa. Nitafanya pacha wake, nitabadilisha ndani ya mkebe, Jumamosi utawaka, Émilienne atabaki na mtoto wake, na Mama Gertrude atabaki na jina lake. Hakuna atakayelia.

Nilichanganya nta kwa uangalifu ambao sikuwahi kuwa nao kabla. Niliiacha motoni mpaka ikanyamaza kabisa. Nilisuka utambi mpya kwa uzi wa mfuko wa unga. Mshumaa ulipotoka niliuwasha, nikaukalia karibu mpaka uliposhuka kufikia urefu wa kile kipande nilichokiona, kisha nikauzima kwa kidole ili kichwa chake kiwe cheusi.

Ilibaki harufu. Hélène alikuwa amenusa ule wa kwanza, akadhani ni odekoloni ya maiti; harufu ikikosekana, angejua. Safari hii sikutia odekoloni ndani. Nililowesha kitambaa, nikapangusa nje, nikauacha upepo upite, nikanusa. Ilikuwa kali, ilikuwa ya maiti. Nikaufuta kwa majivu, nikaanza upya, kitambaa kikavu zaidi, upepo zaidi, mpaka ikabaki harufu ya mbali, kama ya nguo iliyokaa kabatini na kipande cha sabuni. Nikauwasha mara ya mwisho kuujaribu. Moto ulisimama wima, haukulia, haukutikisika.

Ulikuwa mshumaa mzuri kuliko yote niliyowahi kuifanya. Niliufanya ili kudanganya watu wenye kilio.

Niliufungia tumboni, chini ya kikwembe nilichojifunga, nikachukua sahani ya unga iwe sababu, nikaenda.

Hélène alikuwa juu ya mkeka, mkebe wa biskuti mapajani. Alinipa nafasi karibu yake. Alisema asante kwa unga. Alisema usiku halali, anasikia baba yake akipapasa ukuta akitafuta njia. Nilimwambia pole.

Kisha walifika wageni kutoka Kakontwe, watu wanaofanya kazi na mume wake, na Hélène akasimama kuwapokea. Akanipa mkebe mkononi. Yeye mwenyewe. "Unishikie," alisema.

Wote walikuwa wanalia na wale wageni. Hakuna aliyenitazama. Niliingiza mkono mmoja chini ya kikwembe, kwa mwingine nikafungua kifuniko.

Ndani kulikuwa na mushwari tu, imekunjwa vizuri.

"Unatafuta mushumaa?"

Hélène alikuwa amesimama juu yangu. Nilirudisha kifuniko. Lakini hakuwa na hasira, alidhani ninataka kuuona kama watu wote waliotaka kuuona.

"Haiko tena. Papa Benoît katekista aliibeba. Iko ku sakristia, na funguo, mpaka Jumamosi. Ni minye nilimuomba." Akakaa, akachukua mkebe wake. "Bantu basiseme nilibadilisha kitu. Sitaki kumuonea muke ya ndugu yangu, Émérence. Nataka kujua tu."

Hélène si mtu mbaya. Ingekuwa rahisi kwangu kama angekuwa mbaya. Hakuwepo baba yake alipokuwa anamwita, na anatafuta mahali pa kuweka uchungu ule. Mimi nilikuwa nimemtengenezea mahali, kwa ukucha na kifuniko cha chupa.

Nilitembea kurudi nyumbani. Mshumaa ulikuwa umelainika kwa joto la tumbo langu, umeshika ngozi. Nilipoufungua, ulitoka na vinyweleo vya ngozi yangu juu yake, nao ulikuwa umepinda.

Kesho yake, Mama Gertrude alipokwenda dispensari kubadilisha kitambaa, niliutupa ndani ya sufuria. Nilikuwa ninautazama unayeyuka wakati Émilienne alipoingia uani, Colette mgongoni.

Alikuwa amekonda. Alivuta kasha la bia, akakaa, akaiangalia mbabula. Tulikuwa tumekua pamoja kwenye katekisimu, yeye na mimi. Yeye alijua maswali yote na mimi nilimnong'oneza majibu yaliyosahaulika. Hatukuwa watu wa kuketi kimya.

Nilijiambia: sasa. Hakuna mtu mwingine hapa. Anza tu.

Yeye akanitangulia.

"Émérence, banasema kweli."

"Kweli gani?"

"Ni minye niliizima."

Akanieleza, bila kulia, kama mtu anayesoma orodha ya sokoni. Kwamba alikuwa amechoka. Kwamba mzee alikuwa anavuta pumzi kama msumeno tangu asubuhi, na yeye alikuwa hajala, na Colette alikuwa analia, na Hélène hafiki, na mvua haiishi. Kwamba alipoukaza mkono wa mzee juu ya mshumaa alisema ndani ya moyo wake: Papa, uende basi. Nami nipumzike.

"Na palepale," alisema, "palepale, moto ililia na ikakufa. Ilisikia."

"Moto haisikie, Émilienne."

"Ya kwenu inasikia. Mama Gertrude alisema muangalie muntu, musiangalie nta. Mama Henriette alituambia pa robine. Alisema vile, ao ni uongo?"

Ningeweza kusema ni uongo wa Mama Henriette. Watu wangeniamini upesi. Lakini mara hii moja Mama Henriette alikuwa ameleta neno bila kulipaka chumvi.

"Alisema," nilijibu.

Émilienne akatikisa kichwa, kama mtu aliyethibitishiwa. Na hapo nikaona kitu ambacho sikukihesabu. Nilidhani kimya changu kitamnyang'anya nyumba na mtoto. Sikujua kimeshaingia ndani zaidi ya hapo. Hata kama Jumamosi mshumaa ungewaka kwa muujiza, huyu angezeeka akijua alimwua baba mkwe wake kwa wazo la moyoni.

Nikaanza. Haki ya Mungu, nilianza.

"Ile mushumaa," nilisema, "niliitia odekoloni."

"Najua."

"Nyingi, Émilienne. Nilipita kipimo. Niliendelea kumwanga."

"Papa alipenda." Kwa mara ya kwanza uso wake ukafunguka. "Nilipoiwasha, alifungua macho. Alisema inanuka sawa siku ya ndoa yake, eti Mama marehemu alijimwangia chupa nzima mpaka padri akapiga chafya. Alicheka, Émérence. Kifua kikimuuma, alicheka. Ni kitu ya mwisho alisema. Kwa ile odekoloni yako nitakushukuru mpaka kufa."

Maneno mengine yote niliyokuwa nayo yalirudi nyuma ya meno. Neno *maji*. Neno *nilijua*. Neno *nikakuchagulia wewe*.

Colette alikuwa amejinyoosha kutoka mgongoni, anataka kushika mishumaa iliyoning'inia juu ya kamba, inayong'aa. Émilienne alimrudisha kwa kiwiko bila kutazama, kama wamama wanavyofanya. Kisha akasogeza kasha karibu.

"Nimekuya kukuomba kitu. Usikatae."

Ningekubali kumpa macho yangu.

"Jumamosi ukuye. Usimame karibu yangu pale nitashika mushumaa. Nilimuuliza Papa Adolphe kama muntu anaweza kunisaidia, sababu mikono yangu inatetemeka. Alikataa. Nikasema: na kama ni Émérence? Alifikiri, akasema Émérence ndiyo, yule mutoto iko na mukono safi." Akamkaza Colette mgongoni. "Basi uweke mukono yako juu ya yangu. Tushike bote. Weye uliimimina, moto inakujua. Pengine kama inakuona, haitanikataa."

Ndani ya sufuria kile kipande kilichopinda kilikuwa kimekwisha yeyuka. Odekoloni iliyobaki juu yake ilipanda kwa mvuke, ikapita kati yetu, ikaenda zake.

"Nikipoteza nyumba, nitaenda," alisema. "Kambove ni kwetu. Lakini huyu hajaachishwa, Émérence."

Alinyoosha mkono wake juu ya mbabula, kiganja kikitazama juu, ili nijaribu namna nitakavyoushika. Ulinuka sabuni.

"Utakuya?"

Mkono wangu ulikuwa nyuma ya mgongo, na kijiko cha kukorogea ndani yake. Nta ya moto ilikuwa inadondokea kisigino changu, tone na tone, na kila tone lilikuwa linaganda zima. Sikuusogeza mguu. Émilienne alikuwa bado ameunyoosha mkono, anangoja.